Ugonjwa Ambao Bado Haujafika: Kichefuchefu cha Chomboni na Swali la Kinga

Swali la iwapo binadamu anapaswa kujikinga na mateso ambayo bado hayajamfika, na iwapo kinga hiyo inapunguza imani yake kwa Mungu au inaikamilisha, limezoeleka kujadiliwa kwa mifano mizito ya tauni, njaa na vita. Lakini upo mfano mdogo, usiopewa nafasi kubwa katika vitabu vya falsafa, unaolibeba swali hilo kwa uwazi zaidi kwa sababu mateso yake ni ya muda, kwa kawaida hayaui, na humpata mtu mwenye afya njema. Mfano huo ni kichefuchefu cha chomboni, yaani ile hali ya kizunguzungu, jasho baridi, mate kujaa kinywani na hatimaye kutapika, inayomshika msafiri kwa sababu ya mwendo wa chombo alichopanda. Humpata abiria wa meli, wa basi na wa ndege, na humpata kwa namna ya pekee mpiga mbizi, yaani mtu anayeshuka chini ya maji akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, kwa kuwa boti inayombeba hufunga juu ya miamba ya matumbawe na kuyumbishwa na mawimbi wakati yeye mwenyewe ameinama akikaza mikanda na kukagua vifaa, macho yakiwa chini.

Mtowisa, kata iliyomo katika Bonde la Ziwa Rukwa chini ya Lyamba lya Mfipa, ule mteremko mkali unaolitenga bonde hilo na uwanda wa juu wa Ufipa, si mahali pa kupiga mbizi, kwa kuwa ziwa lake halina kina kirefu, maji yake yana magadi na hutibuka kwa tope, na mamba wake wamejulikana kwa vizazi vingi. Hata hivyo mkazi wa Mtowisa anakijua kichefuchefu cha mwendo kwa njia zaidi ya moja. Anakijua barabarani, anapopanda kupitia Muze na Ntendo kwenda Sumbawanga, mji ulio kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ilhali ziwa lipo kwenye takribani mita 800, hivyo gari hulazimika kukata kona baada ya kona, na abiria wa viti vya nyuma huanza kuulizana nani ana ndimu ya kunusa. Anakijua ziwani, ingawa kwa sura nyingine, kwa sababu juu ya maji yasiyo na kina upepo huinua mawimbi mafupi yanayofuatana upesi, wakati wachunguzi wa mwendo wamethibitisha kwamba mwili hutaabika zaidi na mpando na mshuko wa polepole, ule unaokamilika mara moja katika kila sekunde tano hivi, ambao ndio mwendo wa mawimbi marefu ya bahari na wa vyombo vikubwa. Mvuvi aliyekulia ndani ya mtumbwi wa Rukwa anaweza basi kujikuta ameshindwa kuinua kichwa katika meli ya Ziwa Tanganyika, kama ile Liemba iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na kwa miongo mingi ikawa ndiyo njia ya watu wa Kasanga, Kipili na Kirando kwenda Kigoma. Aibu inayomshika mtu wa namna hiyo, ambaye jana alikuwa fundi wa maji na leo anashikiliwa mabega na mgeni, inastahili kuchunguzwa kabla ya kuzungumzia dawa, kwa sababu aibu ndiyo inayowazuia wengi kuitafuta dawa hiyo.

Aibu hiyo ina msingi wa kifalsafa, nao ni wa kale. Plutarko, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi katika karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, alipojiuliza kwa nini watu hutapika zaidi baharini kuliko mtoni, alitaja harufu ya bahari na hofu ya mtu anayejiona yumo hatarini. Na tangu hapo, hata kwa wale wasiowahi kulisikia jina lake, imebaki dhana kwamba anayetapika chomboni ni mwoga. Seneka, mwanafalsafa wa Kirumi wa shule ya Wastoa, yaani wale waliofundisha kwamba mwenye hekima huitawala nafsi yake bila kutikiswa na mambo ya nje, aliandika katika barua yake ya 53 jinsi alivyoshikwa na kichefuchefu katika safari fupi ya kutoka Napoli kwenda Puteoli, akamlazimisha nahodha kuelekea pwani, na hata kabla ya kufika akajitupa majini. Seneka alilitumia tukio hilo kufundisha kwamba maradhi ya mwili hujitangaza yenyewe ilhali maradhi ya roho hujificha kadiri yanavyozidi, na fundisho hilo lina thamani yake. Lakini inafaa kutambua jambo ambalo yeye hakulifanyia kazi, kwamba falsafa yake yote ya kujitawala haikumsaidia kwa dakika moja, na kwamba kilichomwokoa kilikuwa ni ardhi.

Aliyeivunja hoja ya Plutarko ni Michel de Montaigne, mwandishi Mfaransa ambaye katika kitabu cha tatu cha insha zake, kilichotoka mwaka 1588, alieleza kwamba yeye alikuwa mwepesi mno wa kupatwa na hali hiyo ingawa majini hakuwahi kuogopa, na akaongeza ushahidi ambao ni vigumu kuukanusha, nao ni kwamba nguruwe nao hutapika ndani ya meli, na hakuna anayeweza kudai kwamba nguruwe ametafakari uwezekano wa kuzama. Maisha ya baadaye yaliendelea kumpa haki: Nelson, jemadari wa majeshi ya maji ya Uingereza ambaye hakuna aliyemshuku kwa woga, alisumbuliwa na kichefuchefu hadi miaka yake ya mwisho, na Charles Darwin aliteseka nacho katika safari yake yote ya meli ya Beagle, kutoka mwaka 1831 hadi 1836. Hofu, basi, si chanzo. Pamoja na hayo Montaigne mwenyewe hakufika mwisho wa njia aliyoifungua, kwa maana anasimulia kwamba waganga walimwagiza ajifunge taulo kwa kubana sehemu ya chini ya tumbo, naye hakulijaribu agizo hilo kwa kuwa alikuwa na desturi ya kupambana na dosari zake na kuzishinda kwa nguvu zake mwenyewe. Amekwisha kuthibitisha kuwa jambo hili si la moyo, kisha anaendelea kulikabili kwa ujasiri wa moyo, kana kwamba lingekuwa la moyo.

Ujuzi wa kisasa umeonyesha mahali ambapo jambo hili linakaa. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna viungo vya mizani ya mwili: mifereji mitatu yenye umbo la nusu duara, iliyojaa majimaji yanayohisi kichwa kinapogeuka, pamoja na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa zinazohisi kupanda, kushuka na kuinama. William James, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa saikolojia nchini Marekani, alichapisha mwaka 1882 matokeo ya kuwazungusha viziwi 519, na akakuta 186 kati yao hawakupata kizunguzungu chochote, akapendekeza kwamba huenda watu hao wamekingika na ugonjwa wa bahari pia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanamaji wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwa safari za anga waliwachukua wanaume 11 wa chuo cha viziwi cha Gallaudet, kumi kati yao wakiwa wamepoteza usikivu na mizani ya sikio kwa homa ya uti wa mgongo, wakawapandisha kivuko katika bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia. Wanaume hao wakaendelea kucheza karata kwa utulivu, na watafiti ndio waliotapika. Hapana ujasiri katika karata hizo, kama ambavyo hapana woga katika matapishi ya watafiti. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kichefuchefu hutokea pale taarifa za macho, za sikio la ndani na za misuli zinapokosa kuafikiana: abiria aliye ndani ya chumba cha meli anaona kuta na meza zimetulia mbele yake, wakati sikio lake linamwarifu kwamba anapanda na kushuka.

Hapa ndipo swali la hisi linapozaliwa, nalo ni swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa muda mrefu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake cha kuokoka na upotofu jinsi alivyoanza kuzishuku hisi baada ya kutafakari kivuli, ambacho jicho hukiona kimesimama ilhali kinasogea, na nyota, ambayo jicho huiona ndogo kama sarafu ilhali hesabu inathibitisha ni kubwa kuliko dunia. Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa Katoliki katika karne ya kumi na tatu, alishika njia ya upole zaidi: kila hisi ni kweli katika kile kilicho chake hasa, kama rangi kwa jicho na sauti kwa sikio, lakini katika yale yanayoshirikiwa na hisi nyingi, na mwendo ni mojawapo, hisi inaweza kukosea. Galileo naye, katika kitabu chake cha mwaka 1632, alimfungia msomaji wake ndani ya chumba cha chini cha meli inayokwenda kwa mwendo ulio sawasawa, akamwonyesha kwamba nzi wataruka na maji yatadondoka kama vile meli imetia nanga, hivyo aliye ndani hawezi kujua kama anakwenda. Meli ya Galileo ni meli ya fikra, isiyokutana na wimbi. Kwenye meli ya kweli sikio linajua, kwa kuwa sikio halipimi mwendo ulio sawa bali hupima mabadiliko ya mwendo. Na kwa maana hiyo msafiri anayetapika yupo karibu na ukweli kuliko macho yake, maana macho yanamwambia kuta zimetulia na sikio linamwambia, kwa usahihi, kwamba kuta hizo zinapandishwa na kushushwa pamoja naye.

Hakuna hisi iliyodanganya, basi, na bado mwili unafanya hukumu ya makosa. Mtafiti Michel Treisman alitoa mwaka 1977 pendekezo ambalo, ingawa bado linabishaniwa, lina uzuri wake: katika maumbile ya viumbe wengi, hali ya macho na mizani kupingana ilikuwa ni dalili ya sumu iliyoingia mwilini, na tumbo lilijifunza kutoa kilichomo mara dalili hiyo inapoonekana. Kama pendekezo hilo ni sahihi, kutapika chomboni ni kinga iliyokosea mahali, ni mlinzi mwaminifu anayemfukuza mgeni asiye na hatia. Mtu anayelaani udhaifu wa mwili wake akiwa ameegemea ukingo wa boti anaulaani uangalifu uleule uliowalinda waliomtangulia.

Utamaduni wa Wafipa una njia yake ya kuufikiria mgawanyo wa mamlaka ndani ya mtu. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa na kuchapisha mwaka 1967 makala juu ya mawazo yao kuhusu kichwa na kiuno, alionyesha kwamba Wafipa walivitumia viungo hivyo viwili kuieleza jamii na nafsi kwa pamoja: kichwa kikiwa makao ya akili na ukubwa, kiuno kikiwa makao ya nguvu na uzazi, na masimulizi ya kale ya utawala wa asili wa Milansi na wa Watwa, ukoo wa kitawala uliokuja baadaye, yakisomeka kama maelewano ya pande hizo mbili. Ukitazamwa kwa fikra hiyo, ugonjwa wa bahari unaleta fumbo linalostahili kufikiriwa kwa utulivu, kwa sababu ugomvi unaanzia kichwani, kati ya jicho na sikio, lakini anayelaumiwa na kuadhibiwa ni tumbo. Waganga wa Montaigne walikuwa wakitibu upande wa chini kwa kosa la upande wa juu. Kinga zinazofaa kweli hufanya kinyume chake, kwani huanza na kichwa: msafiri hukaa katikati ya chombo ambako myumbo ni mdogo, akiwa nje kwenye hewa na mbali na moshi wa injini, akayaelekeza macho kwenye mstari ambapo maji yanakutana na mbingu ili jicho lipate kuona kile ambacho sikio tayari linakihisi, akaacha kusoma na kuinamia simu. Tumbo linahitaji mambo machache tu, chakula chepesi kisicho na mafuta mengi na kujiepusha na pombe tangu usiku wa kuamkia safari. Tangawizi, ambayo watu wa mwambao na wa bara wanaipenda kwa hali hii, imewasaidia baadhi ya waliojaribiwa nayo na wengine haikuwasaidia, nayo haina madhara makubwa.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuufukuza moyo moja kwa moja kutoka katika jambo hili, kwa kuwa umerudi kupitia mlango mwingine. Mwaka 1995 watafiti Dov Eden na Yaakov Zuk walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 25 wa jeshi la maji la Israeli: baadhi yao waliambiwa kabla ya safari kwamba hawaelekei kupatwa na ugonjwa wa bahari, na kwamba hata wakipatwa, kazi yao haitaharibika, na hao ndio waliolalamika kidogo zaidi na kufanya kazi vizuri zaidi kuliko wenzao. Inajulikana pia kwamba dereva wa gari na mshika usukani wa boti hupatwa mara chache kuliko abiria, kwa kuwa anayeuongoza mwendo anautarajia kabla haujamfika. Matarajio, basi, yana nguvu juu ya mwili. Plutarko hakuwa mjinga kabisa: aliona kwamba nafsi inashiriki, akakosea kuita ushiriki huo woga na kuugeuza kuwa lawama.

Lakini ushahidi huo unazaa swali gumu la maadili, kwamba je, kiongozi wa boti anaruhusiwa kumwambia abiria kuwa bahari ya leo haitamsumbua, akijua kwamba huenda ikamsumbua, kwa kuwa neno hilo lenyewe ni dawa? Mtakatifu Agostino, aliyekataza uongo wa kila namna hata ule unaokusudia kuokoa, angejibu hapana. Na katika jambo hili msimamo wake, ambao mahali pengine unaweza kuonekana mkali kupita kiasi, una sababu nzuri, kwa maana abiria aliyedanganywa hatakunywa dawa mapema, hatachagua kiti cha katikati, na mara atakapoanza kuumwa atakuwa amepoteza pamoja na chakula chake imani aliyokuwa nayo kwa mtu anayemwongoza chini ya maji. Inawezekana kusema kweli inayotia nguvu: kwamba wengi huzoea baada ya siku mbili tatu, kwamba hali hii hupita mara mtu anapokanyaga ardhi, kwamba kuna la kufanya.

Kuna jambo jingine linaloitofautisha kinga na tiba, nalo lina uzito wa kifalsafa: aliyetibiwa anajua alichoponywa, lakini aliyekingwa hana namna ya kujua alichoepushwa. Msafiri aliyemeza kidonge na akafika salama hawezi kusema kama ni kidonge, ni bahari iliyotulia, au ni maumbile yake mwenyewe. Njia pekee ya kulijua jambo hilo ni kuwatazama wengi kwa pamoja, na ndivyo ilivyofanyika mwishoni mwa mwaka 1948, baada ya madaktari Leslie Gay na Paul Carliner wa Johns Hopkins kugundua kwamba mwanamke aliyepewa dawa ya dimenhidrineti kwa ajili ya maradhi ya ngozi ameacha kutapika ndani ya tramu. Askari zaidi ya elfu moja walipandishwa meli ya General Ballou kutoka New York kwenda Bremerhaven katika majira ya dhoruba, wengine wakapewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa, na tofauti ikaonekana dhahiri. Maarifa ya kinga ni ya jamii kabla ya kuwa ya mtu mmoja, na anayeyatumia anaegemea mateso ya watu asiowajua, hususan wale waliopewa kidonge kitupu.

Dini zimeliingia swali hilo kwa njia ya sheria, na ni katika sheria, zaidi kuliko katika mahubiri, ndipo hoja iliyo makini inapopatikana. Wanazuoni wa Kiislamu walijadili kama mtu aliye katika chombo kinachokwenda anaweza kuswali akiwa ameketi, ilhali kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi. Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliruhusu kuketi hata kwa asiyeumwa, ingawa kusimama ni bora, kwa hoja kwamba kizunguzungu ndilo jambo linalotokea kwa kawaida katika meli, na jambo la kawaida huhesabiwa kama limekwisha kutukia. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walipinga, wakataka uwepo udhuru halisi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea mwambao wa Afrika Mashariki, walishika njia ya kati, wakaruhusu kuketi kwa anayehofia kizunguzungu au kuzama. Mjadala huo, ambao kwa juu unaonekana kuwa wa kanuni ndogo ya ibada, unagusa kiini cha kinga: je, mtu anaweza kutenda kwa mujibu wa ugonjwa ambao bado haujafika? Kwa upande wa Abu Hanifa na wa Shafii jibu ni kwamba anaweza, na kwamba kumsubiri mtu aanguke ndipo apewe ruhusa ya kuketi si uchamungu zaidi.

Wakristo wa Ufipa, ambako Wamisionari wa Afrika waliofika Karema mwaka 1885 waliacha Ukatoliki wenye mizizi mirefu, wanaweza kuifikia hoja hiyohiyo kwa kusoma sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo, akiwa mfungwa ndani ya meli iliyopigwa na dhoruba siku nyingi, anaahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepotea; na baada ya ahadi hiyo hakai kimya, bali anawazuia mabaharia wasiikimbie meli akisema kwamba bila wao wengine hawataokoka, kisha anawasihi watu wote 276 wale chakula kwa ajili ya uzima wao. Ahadi ya Mungu haikuifanya tahadhari kuwa ya bure. Ilipita ndani yake. Sura ya 38 ya Yoshua bin Sira inamheshimu tabibu na kuhesabu dawa miongoni mwa vitu ambavyo Bwana ameviumba kutoka ardhini, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, inayomtaka mkomunikanti kufunga saa moja kabla ya kupokea, imeyatoa maji na dawa katika katazo hilo, hivyo Mkatoliki anayepokea Komunyo alfajiri kabla ya kupanda chombo hana haja ya kuchagua kati ya kidonge na meza ya Bwana.

Pingamizi lenye nguvu linabaki, nalo ni la thamani ya mateso. Hadithi iliyosimuliwa na Umm Haram binti Milhan katika mkusanyiko wa Abu Daud inampa anayetapika kwa kizunguzungu cha baharini ujira wa shahidi; na Mkatoliki naye amefundishwa kuyatolea sadaka maumivu yake. Je, anayejikinga hajipunguzii ujira? Jibu limo katika sheria ya Kiislamu ya mfungo, inayosema kwamba aliyetapika bila kutaka mfungo wake haujavunjika, lakini aliyejitapisha kwa makusudi umevunjika: sheria inapambanua kati ya linalomfika mtu na lile analolitafuta. Ujira wa Umm Haram ni faraja ya aliyefikwa, hauwi agizo la kuyaendea mateso, na Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya maana ya mateso, alifikia mahali hapo kwa njia yake alipomalizia na mfano wa Msamaria mwema, ambaye hakukaa kumweleza majeruhi faida za majeraha.

Kisiwani Misali, karibu na Pemba, mahali panapopendwa na wapiga mbizi kwa matumbawe yake, wenyeji husimulia kwamba Nabii Hadhara, ambaye wengi humtambua kuwa ni Khidhri, alikifanya kisiwa hicho kuwa msala wake. Khidhri ndiye ambaye, katika sura ya Pango ya Kurani, aliitoboa jahazi ya maskini mbele ya macho ya Musa, naye Musa akamlaumu kwa uharibifu asioelewa sababu yake, mpaka alipoambiwa kwamba mbele kulikuwa na mfalme anayeteka kila chombo kizima. Hiyo ni kinga katika sura yake ngumu kuliko zote, dhara dogo linaloonekana lililofanywa kwa ajili ya dhara kubwa lisiloonekana, na tofauti ya Khidhri na daktari ni kwamba Khidhri alijulishwa yajayo ilhali daktari anakisia. Kwa sababu anakisia, dhara dogo analolileta linapaswa kupimwa kwa uangalifu. Dawa nyingi za kichefuchefu cha chomboni huleta usingizi. Na mpiga mbizi anayekaribia kina cha mita 30 hukutana na ulevi wa naitrojeni, yaani kulegea kwa akili kunakosababishwa na hewa inayovutwa chini ya mgandamizo mkubwa, ambao unaweza kuzidishwa na usingizi huo. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hushauri kwamba dawa ijaribiwe kwanza nchi kavu, kwa ushauri wa daktari, na inywewe walau nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka, huku bandiko la skopolamini la nyuma ya sikio likihitaji takribani saa nne. Sababu ni kwamba dawa inayomezwa baada ya mate kujaa kinywani mara nyingi hutoka kabla haijaingia kwenye damu.

Aliyejikinga kwa yote hayo na bado akaumwa hajashindwa mtihani wowote. Kwenye boti ana mambo mawili anayostahili kutendewa. La kwanza ni kuachwa aseme kwamba hashuki, bila kuulizwa sababu na bila kubembelezwa kwa ajili ya fedha aliyokwisha kulipa, kwa maana ingawa ni kweli kwamba mita chache chini ya uso wa maji myumbo hupungua na wengi hupata nafuu, kutapika chini ya maji ni hatari kwa asiyejua kwamba kipumulio hakitolewi mdomoni hata wakati huo. La pili ni kuulizwa mapema. Swali la nani huumwa na bahari likiulizwa wakati boti inayumba linakuwa hukumu, na kila mmoja atajibu kwamba yeye haumwi. Likiulizwa jioni ya kuamkia safari, mbele ya wote na bila kumkazia mtu macho, linampa aliyetoka Mtowisa kuiona bahari kwa mara ya kwanza nafasi ya kusema ukweli wakati dawa bado ina muda wa kufanya kazi na kiti cha katikati bado hakijakaliwa.